Nyuki Anayeshusha Sauti Kanisani

Watu wengine wana masikio mawili. Vihtori Hyvönen alikuwa na sikio. Hivyo ndivyo walivyosema katika usharika wote wa Haukisaari, "Vihtori ana sikio," kana kwamba wao wengine walibandikwa majani ya kabichi ubavuni mwa vichwa. Gonga kikombe mezani, Vihtori atakwambia ni noti ya Sol. Mlango wa duka la Kalervo ulikuwa ukilia Re ukifunguliwa na Do ukifungwa, na siku Kalervo alipoutia mafuta, Vihtori alinuna wiki nzima.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha piano. Huu ulikuwa mwaka wake wa thelathini na nne katika kazi hiyo, na kwa majivuno yake hakutumia kifaa chochote cha kupimia. Alikuja na ufunguo wa kukazia nyuzi na kichwa chake tu. Jioni za Jumatano aliongoza kwaya ya wanaume kwenye ukumbi wa vijana, ambako piano pia aliirekebisha yeye. Mkewe alikwishafariki, na nyumba ilikuwa mikononi mwa dada yake Lempi, mjane aliyekuwa na masikio ya kawaida na ulimi usio wa kawaida.

Mtu mmoja tu pale Haukisaari hakuliheshimu lile sikio, naye alikuwa Nestori Mustonen, mpiga kinanda wa kanisa. Miaka miwili nyuma, mbele ya watu dukani, Mustonen alisema piano ya ukumbini imelala, sauti zake ziko chini. Vihtori akajibu kwamba kilichokosea ni kinanda cha kanisa, kwa kuwa kilirekebishwa na fundi wa Kuopio, na watu wa mjini siku zote wana haraka ya kupanda. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kugusa kofia. Baadaye hata kofia wakaacha kuzigusa.

Mambo yalikuwa hivyo mwezi wa Juni alipoteremka kwenye meli mwanamke mrefu aitwaye Sylvi Paatero, mtafiti wa wadudu kutoka Helsinki. Alikuja kuchunguza sauti za wadudu warukapo, maana ukiijua sauti ya mdudu unajua anapiga mbawa mara ngapi kwa sekunde. Alikuwa na mashine ya kurekodi yenye uzito wa kilo arobaini. Kalervo, aliyekuwa gatini akipokea mizigo ya duka, alijitolea kuipokea.

"Niachie, binti," alisema. "Mikono hii imebeba magunia ya unga tangu vita."

Mashine haikuwa gunia la unga. Iliteleza, ikagonga ukingo wa gati, ikazama ziwani kwa adabu kabisa, bila kelele nyingi. Waliivua kwa ndoana ya kuvulia magogo, ikiwa imejaa maji na samaki mmoja mdogo. Sylvi akaketi juu ya jiwe, akajishika kichwa.

Vihtori alikuwa akipita njia. Pange mmoja alimzunguka kofia mara mbili, akaenda zake.

"La," alisema Vihtori, kwa kawaida yake tu.

Sylvi akainua uso. "Unasemaje, bwana?"

"Huyo pange. Alikuwa akilia La. Wa jana alikuwa Sol, lakini jana palikuwa na baridi."

Yule mwanamke alimtazama kama mtu anayezama anavyotazama mtumbwi.

*

Kazi ilianza kesho yake, nyumbani kwa Vihtori, mlangoni penye jua. Sylvi alimshika mdudu, akamgandisha mgongoni kwa tone la nta kwenye ncha ya unyasi mkavu, akamwinua. Mdudu akikosa pa kukanyaga hufungua mbawa, akaruka palepale asiende popote. Vihtori aliinamisha kichwa, akafumba macho, akataja sauti. Sylvi akaandika, akabandua nta, akamwachia.

Siku ya kwanza Vihtori alivaa kizibao chake cha Jumapili.

"Kwa ajili ya nzi?" aliuliza Lempi.

"Kwa ajili ya kazi. Mtu hasikilizi ovyo."

"Wenyewe hawakuvaa kitu."

Wakaendelea hivyo wiki tatu. Nzi wa nyumbani, mbu wa kike na wa kiume, nyigu, kereng'ende, wote walipita mbele ya lile sikio kama watu mbele ya karani. Bakuli la sukari la Lempi liligeuzwa jela ya nzi. Siku moja alifungua chombo cha siagi akakuta mbu wanne ndani ya gilasi, na karatasi imeandikwa "wanawake, wasichanganywe". Lakini alimpenda yule mtafiti, kwa kuwa alikula vizuri na hakuulizia mapishi, naye Vihtori alionekana kijana kwa miaka kumi. Mezani alisimulia habari za mbu kama mtu anayesimulia kwaya aliyoizoea: huyu ana sauti nzuri, yule anayumba, yule mwingine anajidai.

Hata ikafika zamu ya nyuki wanene, wale wenye manyoya wanaonguruma kwenye maua kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Vihtori alimsikiliza mmoja, akasema bila kusita, "Fa." Akaenda kwenye piano yake, akabonyeza Fa. Piano na nyuki wakaafikiana kama ndugu.

Sylvi alikuwa mtafiti mwaminifu, na mtafiti mwaminifu hupima mara mbili. Hakujua lolote kuhusu zile kofia zisizoguswa. Basi mchana ule alimtia nyuki ndani ya kibiriti kitupu, akakata njia ya mashamba ya viazi, mwendo wa robo saa, akaingia kanisani. Mustonen alikuwa pale akifanya mazoezi ya zaburi.

"Bwana Mustonen, nisaidie kidogo. Huyu nyuki analia sauti gani?"

Mustonen hakuwa na sikio kama la Vihtori. Alitafuta kwa kidole, kitufe baada ya kitufe, nyuki akinguruma mbele ya pua yake kwenye unyasi. Mwishowe akatulia. "Mi," alisema.

"Mi? Una hakika? Bwana Hyvönen amesema Fa."

Mustonen aliondoa mkono juu ya kinanda taratibu. Furaha ikampanda kutoka miguuni. "Hebu rudia, binti. Nani amesema nini?"

*

Sylvi alirudi kwa Vihtori na nyuki yuleyule. Fa. Piano ikathibitisha. Akarudi kanisani. Mi, na kinanda kikathibitisha. Akabadilisha nyuki, akabadilisha tena, akavuka viazi mara sita kwa siku mbili, hata mwenye shamba akamuuliza kama amepoteza kitu. Kila nyuki alikuwa Fa nyumbani kwa Vihtori na Mi kanisani.

Sylvi akakaa na daftari lake, akafikiri. Kanisa ni la mawe, ndani mna baridi. Mdudu akipatwa na baridi mbawa zake huzembea, na sauti hushuka. Naam! Alimweleza mchungaji wakati wa kahawa, na kosa lake lilikuwa hapo.

Kufika Jumamosi, kijiji kizima kilijua kwamba nyuki wa Haukisaari hushusha sauti akiingia kanisani. Jumapili mchungaji alilitia katika mahubiri. Alisema hata mdudu asiye na roho anajua yuko mbele ya nani, ilhali wapo wakristo, asiwataje, wanaozungumzia bei ya ng'ombe mlangoni hadi wimbo wa pili. Watu waliguswa. Mama mmoja alitoa machozi. Kwenye usharika jirani, ambako nyuki hawakuwa na sifa yoyote, watu walianza kuona wivu.

Sylvi peke yake hakutulia. Jumatatu alisimama na nyuki nje, kwenye ngazi za kanisa, juani, joto likimchoma shingo, mlango wa kanisa ukiwa wazi na Mustonen yuko kwenye kinanda.

"Nipe Mi!" alipaza sauti.

Kinanda kikalia. Nyuki alikuwa na joto hata akatamani kuvua manyoya, na bado alikuwa Mi.

Hapo Sylvi akaelewa kwamba haya si mambo ya baridi wala ya ucha Mungu. Akaenda kumwambia mchungaji, ambaye alisikitika sana, kisha Sylvi akaomba jambo moja: kinanda cha kanisa kipelekwe nyumbani kwa Vihtori, vyombo viwili viwe chumba kimoja na nyuki mmoja.

"Kinanda hakitoki," alisema Mustonen.

"Kinaogopa?" aliuliza Vihtori aliposikia, na jibu lile likafikishwa kanisani kwa mwendo wa kasi kuliko simu. Kesho yake kinanda kikatoka.

*

Kwa kuwa njia ya viazi ilikuwa nyembamba mno kwa mzigo ule, kilisafiri kwa mashua ndefu ya kanisa, wanaume wanane wakipiga makasia, Mustonen amekaa nyuma yake amekikumbatia kama mtu anayesindikiza jeneza la mfalme. Kalervo aliambiwa asikiguse. Nusu ya kijiji ilikuwa ufukweni, wengine wamekuja na vikapu vya mikate mitamu, maana jambo lisilo na kahawa si jambo.

Wakakiweka kando ya piano. Chumba kikajaa, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Sylvi akamwomba kila bwana abonyeze La ya chombo chake, wote kwa pamoja.

Sauti iliyotoka haikuwa ya kikristo. Ilikuwa kama paka wawili waliokanyagwa mikia na mtu mmoja. Mbwa wa Kalervo alitoka nje, na mtoto mchanga wa jirani akaamka akalia, hata yeye kwa sauti ya tatu.

"Kimelowa," alisema Vihtori mara moja. "Kimepita majini. Nani asiyejua kinanda kikipita majini hupanda?"

"Kilikuwa hivihivi kabla ya kupita majini," alisema Mustonen. "Wewe ndiye uliyelala, Hyvönen. Wewe na piano zako."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema Lempi, akimimina kahawa.

Sylvi akainua mkono. Aliuliza kama nyumbani kuna uma wa sauti, kile chuma cha miguu miwili ambacho ukikigonga hulia La moja isiyobadilika maisha yote.

"Hakuna kizima," alisema Vihtori upesi.

"Kizima hakuna," alisema Lempi. "Vibovu vipo saba."

"Lempi!"

"Si vimo kwenye droo ya vitambaa, kaka? Kila mwaka unanunua kimoja, unakigonga mara mbili, unasema kimeharibika. Mimi nimevitunza kama mayai ya bata."

Droo ikaletwa mezani. Sylvi akachukua cha kwanza, akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza. Kikalia. Mustonen akabonyeza kinanda chake: sawasawa. Cha pili, sawasawa. Cha tatu. Chumba kilikuwa kimya hata unasikia kahawa ikipoa. Cha saba kilipolia pamoja na kinanda, Vihtori alikuwa amekuwa mwekundu hadi kwenye upara.

"Vimetoka kiwanda kimoja," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Kiwanda kibovu."

Sylvi akasoma maandishi madogo kwenye mashina. "Viwanda vinne, Bwana Hyvönen," alisema kwa upole. "Nchi tatu."

Kisha kule dirishani Kalervo, ambaye katika kwaya ya wanaume huimba sauti ya juu kabisa, akashika kichwa.

"Ngojeni. Ngojeni kwanza! Kwa hiyo piano ya ukumbini nayo iko chini?"

"Nusu hatua, kama Mi na Fa," alisema Mustonen, kwa utamu.

"Ndiyo maana Kuopio!" Kalervo alipiga kelele. "Jamani, ndiyo maana Kuopio!"

Mwaka uliopita kwaya ilikwenda kwenye mashindano ya Kuopio. Nyumbani Kalervo alikuwa akiifikia sauti ya mwisho ya wimbo huku anatabasamu. Kuopio walipigiwa piano ya wenyeji, na alipofika pale palepale sauti ilimpasuka kama jogoo anayejifunza kuwika, mbele ya watu mia nne. Walilaumu kahawa ya mjini. Mwaka mzima walikuwa wakilaumu kahawa ya mjini, na Kalervo aliacha kabisa kuiuza dukani.

Hapo chumba kikaangua kicheko. Walicheka madirishani, walicheka ngazini, mchungaji alicheka akajifunika kwa kitambaa. Sylvi hakucheka. Lempi alianza, akaacha, kwa sababu alimwona kaka yake akichukua kofia na kutoka kwa mlango wa nyuma, akiwapisha watu mmoja mmoja kwa kusema samahani.

*

Alikwenda kuketi saunani, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke nyuma ya nyumba. Jiko halikuwashwa, alikaa tu kwenye benchi ya juu, gizani, na kizibao chake cha Jumapili. Usiku alirudi kulala, asubuhi akaenda tena. Siku ya kwanza hakuongea, na siku ya pili aliomba chumvi tu.

Fedheha haikumuuma sana. Fedheha mtu huizoea. Kilichomsumbua ni kengele. Miaka sita au saba iliyopita aliona kengele ya kanisa imepanda sauti, akamwambia kila mtu ni baridi kali iliyoikaza. Sasa alijua kengele ilikuwa ileile. Kila alichokisikia tangu wakati huo, mvua kwenye mabati, filimbi ya meli, hata Lempi akiita chakula tayari, alikisikia kimesogezwa kidogo kutoka mahali pake, naye hakujua. Alijiona kama mtu aliyeishi miaka sita nyumba ya jirani akidhani ni yake.

Sylvi alikuja, akasimama mlangoni. Alimweleza kwamba kwa baadhi ya watu wenye sikio la namna yake, umri hulisogeza, hata wakaanza kusikia kila kitu kiko juu kidogo. Si ugonjwa, wala si ujinga.

"Wiki tatu," alisema Vihtori. "Umeandika wiki tatu za uongo."

"Ulinipa nusu hatua juu kwa kila mdudu, bwana. Kila mdudu, bila kukosa hata mmoja. Nimekaa juzi usiku nimeyashusha yote, yamekaa sawa. Saa inayokwenda mbele dakika tano daima ni saa nzuri, mradi ujue. Nyuki wamebaki kumi na wawili. Nakungoja."

Vihtori hakumwambia aondoke.

Siku ya tatu aliingia Mustonen, bila hodi, akiwa amebeba kuni. Akaanza kupanga kuni jikoni kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta.

"Umekuja kucheka?" aliuliza Vihtori kutoka juu.

"Nilishacheka. Nilicheka Jumanne yote, mbavu bado zinauma." Akapuliza moto. "Nimekuja kukwambia neno, na ukilirudia dukani nitakana. Yule nyuki wa kwanza, unajua nilimpata kwenye kitufe cha ngapi?"

"Cha ngapi?"

"Cha kumi na moja. Nilipapasa kama mtu anayetafuta miwani. Na kama kinanda kingekuwa kibovu, ningeapa kwa ubovu wake, nisingejua. Wewe ulikosea nusu hatua tu, macho umefumba, hukugusa kitu." Akatia kuni nyingine. "Mimi miaka ishirini na minane natamani kukosea namna hiyo."

Moto ukaanza kulia. Vihtori akashuka benchi moja.

"Lakini mwaka juzi dukani," alisema, "ulisema imelala. Ulijuaje, kama huna sikio?"

"Sikujua. Ulikuwa umenikera tu."

Vihtori akavua kizibao, akakitundika. Haifai mtu kuoga na kizibao.

*

Wakamaliza wale nyuki kumi na wawili, Vihtori akitaja, Mustonen akipapasa, Sylvi akiandika. Mwezi wa Agosti mtafiti alipanda meli na daftari zake. Mashine yake iliyokwisha tengenezwa ilifika Haukisaari siku mbili baada ya yeye kuondoka, Kalervo akaipokea kwa kamba tatu na maombi, wakairudisha ilikotoka.

Vihtori akashika baiskeli na uma mmoja wa sauti, akaanza kupita nyumba zenye piano kuzipandisha. Watu hawakufurahi. Mke wa daktari alisema piano yake sasa inampigia kelele. Kwaya ya wanaume ilikaa kikao, ikapiga kura tisa kwa mbili piano ya ukumbini iachwe kama ilivyo, na Kalervo akatoa hotuba iliyotaja uhuru wa nchi. Vihtori aliipandisha usiku wakiwa wamelala, akawaambia Jumatano. Kalervo akashushwa sauti ya pili. Alinuna hadi vuli, kisha ikaonekana kwamba sauti ya pili ndiyo aliyoumbiwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwezi wa Februari kilikuja kitabu chembamba kwa posta, kikafunguliwa Jumapili baada ya ibada. Mustonen alikuwepo, maana siku hizi Jumapili alikuwa akinywa kahawa kwa Lempi. Vihtori alivaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, penye shukrani, akasoma kwa sauti kubwa:

"'Namshukuru kwa dhati Bwana V. Hyvönen wa Haukisaari, ambaye sikio lake, baada ya kusahihishwa kwa nusu hatua, lilishinda mashine.'" Akashusha kitabu. "Lilishinda mashine."

"Baada ya kusahihishwa," alisema Mustonen.

"Lilishinda mashine, Nestori."

"Mashine ilikuwa imezama. Hata mimi ningeishinda. Soma chini, mimi nimeandikwaje?"

Vihtori akasogeza ukurasa karibu na pua. "'Na Bwana N. Mustonen, kwa kinanda.'"

"Kwa kinanda na nini?"

"Kwa kinanda. Nukta."

Mustonen aliweka kikombe chini. "Kwa kinanda! Kama mtu aliyemwazima ndoo! Nyuki kumi na watano nimewatafuta kwa kidole hiki, nimevuka ziwa nimekumbatia—" Akakosa pumzi. "Nileteeni karatasi."

"Kaa kwanza ule," alisema Lempi.

"Nitakula nikishaandika. Vihtori, wewe unajua namna ya kuandikia watu wasomi. Tunaanzaje?"

Vihtori akatoa kalamu mfukoni, akaijaribu kwenye ukingo wa gazeti. "'Mheshimiwa Daktari Paatero,'" alisema. "Hapo hakuna ubishi."

"Mimi ningeweka 'Mpendwa'."

"Unamlalamikia, halafu unamwita mpendwa?"

"Namlalamikia kwa sababu ni mpendwa!"

Lempi akawaongezea kahawa, akajikatia kipande cha mkate uliookwa na samaki ndani, akakaa upande wa dirisha kuwatazama. Mpaka anamaliza kula walikuwa hawajavuka neno la kwanza.